Jina Kwenye Spika: Historia ya DJ wa Dar Kutoka Enzi za Sahani Mpaka Laptopu

Ukibahatika kuona picha ya zamani ya disko hapa Dar, ya miaka ya 1980 hivi, usianze kuangalia nguo. Najua suruali zinachekesha na nywele nazo ni habari nyingine. Angalia spika. Utakuta boksi la spika limeandikwa jina kwa rangi, herufi kubwa, wakati mwingine kuna nyota au radi imechorwa pembeni. Hilo ni jina la disko, maana yake ni jina la mwenye vyombo. Yule jamaa aliyesimama nyuma ya mashine, anayetoka jasho, anayejua wimbo gani ufuate ili watu wasirudi kukaa, jina lake halipo. Kwenye spika halipo, kwenye tangazo halipo, kwenye tiketi halipo.

Wadau, ishu yangu ya leo ndiyo hiyo. Historia ya mziki wa Bongo imeandikwa sana upande wa waimbaji. Tunajua nani aliimba bendi gani, nani alianza kurap kwa Kiswahili, nani alikuwa na bifu na nani. DJ anatajwa kama meza, yaani kitu kilichokuwepo ukumbini. Kwa hiyo nimekaa miezi kadhaa nikiwatafuta wakongwe wa hii kazi, Ilala, Temeke, Magomeni, mmoja mpaka Mbagala huko mwisho wa lami. Wote wameomba nisiwataje. Mmoja sasa hivi ni mzee wa kanisa na wajukuu hawajui kama babu alikuwa anarusha watu mpaka saa 10 usiku. Mwingine bado anapigia vyombo vya mtu, hataki maneno na bosi wake. Nimewaheshimu. Basi nitawasimulia kupitia mashine zao, maana kila mashine mpya ilipoingia mjini, mambo yalibadilika kulingana na jibu la swali moja: ni ya nani?

Turudi nyuma kidogo kabla ya disko. Miaka ya 1960 na 1970 mziki wa mjini ulikuwa ni bendi, na bendi nyingi kubwa zilikuwa za taasisi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, halafu mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo maana ikaja kuitwa DDC. Gitaa ni la taasisi, ngoma ni za taasisi, amplifaya ni ya taasisi, na mwanamuziki analipwa mshahara kama karani. Ukigombana na uongozi unaondoka na vidole vyako tu.

Disko lilikuja kwa mlango mwingine. Lenyewe halikuhitaji watu 15 jukwaani wala mazoezi ya asubuhi. Lilihitaji mtu mmoja, mashine mbili na umeme. Wakubwa hawakulipenda mapema kabisa. Novemba 1969 uongozi wa Mkoa wa Pwani ulipiga marufuku mziki wa soul kwenye madansi ya mjini, hoja ikiwa ni kwamba unapotosha vijana na unaua utamaduni wa taifa. Vijana waliandika barua magazetini kulalamika, wengine wakaunga mkono, ikawa mjadala kwelikweli. Lakini marufuku haikumaliza kitu. Miaka ya 1970 vijana walikuwa na bugi lao la mchana kama kawaida.

Sasa hizo santuri, wenyewe wanaziita sahani, zilikuwa zinatoka wapi? Hapa watu wengi wa umri wangu hatuelewi kabisa, tumezoea kushusha nyimbo kwenye simu. Tanzania nyimbo zilikuwa zinarekodiwa Radio Tanzania, zinabaki kwenye mikanda ya redio. Kiwanda cha kutengeneza sahani kilikuwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, haukufunguliwa mpaka mwishoni mwa 1983. Katikati hapo kuna vita ya Kagera, hakuna fedha za kigeni, hakuna sabuni dukani, sembuse sahani ya Michael Jackson.

Waliookoa jahazi ni mabaharia. Jamaa anatoka na meli, anapita Ulaya, anarudi na sahani tano chini ya nguo. Baharia mmoja alikuwa na thamani kuliko duka zima. Wafanyakazi wa ndege nao hivyohivyo. Mkongwe wa Ilala aliniambia disko alilokuwa anapigia lilikaa miaka miwili na sahani zilezile, hazifiki hata mia, na kila wiki watu wanajaa. Nikamuuliza mlikuwa hamchoki? Akacheka, akasema sanaa ilikuwa hapo, kuzipanga upya kila Jumamosi mpaka mtu aamini ni mpya.

Na kumiliki vyombo kipindi hicho kulikuwa na hatari yake. Mwaka 1983 ilikuja operesheni ya wahujumu uchumi, watu wakawa wanatupa mali usiku wasikutwe nazo. Amplifaya mpya ndani ya nyumba bila maelezo ya kueleweka ilikuwa ni kujitafutia kesi. Mwaka uliofuata, 1984, bajeti ikalegeza: mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuingiza bidhaa bila kuulizwa sana kazipata wapi. Mwaka 1985 akaingia Rais Mwinyi, Mzee Ruksa, milango ikafunguka zaidi. Vyombo vikaanza kuingia kwa wingi.

Lakini ona sasa. Nani alikuwa na fedha za kigeni mwaka 1984? Mfanyabiashara. Mtu mwenye ndugu Uarabuni au Ulaya. Mwenye hoteli. Dogo wa Ilala anayejua kuchanganya nyimbo hakuwa nazo. Kwa hiyo vyombo vilitoka mikononi mwa taasisi vikaingia kwa watu binafsi, na DJ akapitwa hivihivi anaona.

Tuziongelee mashine zenyewe kidogo, maana hapa ndipo penye utamu. Mashine ya sahani ambayo kila DJ duniani aliiota ni Technics SL-1200, ya Wajapani, ilitoka 1972, na toleo la MK2 likaja mwaka 1979. Sifa yake ni kwamba mota inazungusha sahani moja kwa moja, hakuna mkanda wa mpira katikati. Ukiishika kwa kidole na kuiachia, inarudi kwenye mwendo wake hapohapo. Na pembeni kuna kitelezi cha kuongeza au kupunguza mwendo, asilimia 8 juu, asilimia 8 chini. Hiyo asilimia 8 ikumbuke, tutaihitaji huko mbele.

Kumbi za watu wenye pesa katikati ya mji zilikuwa na vitu vya maana. Billicanas, pale lilipokuwa jengo la Mbowe Hotel, ndiyo jina ambalo kila mtu analitaja mpaka leo, ingawa jengo lenyewe limeshabomolewa. Ila mtaani ilikuwa ni gramafoni za nyumbani, zile za mkanda wa mpira. Joto la Dar unalijua. Mpira ukilegea wimbo unalewa, sauti inashuka kama mtu anasinzia. DJ anaweka kidole pembeni ya sahani anaisukuma kidogokidogo mpaka wimbo uishe. Dakika nne za kusukuma kwa kidole, na usoni unatabasamu kama hamna kitu.

Tatizo lingine ni miguu ya watu. Ukumbi ukichangamka, sakafu inatikisika, meza inatikisika, sindano inaruka. Yaani DJ akiwa mkali sana anajiharibia mwenyewe! Dawa yake ilikuwa kukata kipande cha godoro na kukilaza chini ya mashine. Wengine walitumia tyubu ya gari iliyojazwa upepo nusu. Hakuna kitabu kilichowafundisha, na mpaka leo hakuna aliyeandika kwamba walifanya hivyo.

Kisha ikaja kanda, na kwangu mimi hii ndiyo sehemu kubwa kuliko zote.

Kanda za kaseti Philips walizitoa 1963, lakini kwa disko letu wakati wake ni miaka ya 1980 mpaka 1990 na kidogo. Kanda ni rahisi, inanakilika, haivunjiki, inaingia mfukoni. Ikafungua kazi kwa watu wengi. Ila kwa DJ ni mtihani, kwa sababu kwenye sahani unaona kwa macho mistari ya nyimbo, unaweka sindano unapotaka. Kwenye kanda huoni kitu. Wimbo unaoutaka uko katikati ya mkanda wa dakika 90, na una dakika tatu kuupata kabla wimbo unaopiga haujaisha.

Wakongwe walifanyaje? Daftari. Deki ya kanda huwa ina kidude cha namba tatu, kaunta, kinachohesabu mkanda unavyozunguka. Unarudisha kanda mwanzo, unabonyeza kaunta isome 000, unapiga kanda yote huku unaandika: wimbo fulani 047, wimbo fulani 112, na kuendelea. Usiku ukumbini unachungulia daftari kwa tochi, unapeleka mkanda mpaka namba ile, unasikiliza kwa hedifoni, unarudisha kidogo kwa kalamu ya Bic, unasubiri. Mzee wa Temeke alikuwa na daftari la kurasa 200 limejaa. Bado analo. Nimelishika kwa mikono yangu, limechakaa, mistari imepigwa kwa rula, nyimbo za taratibu zina alama ya moyo pembeni.

Nikamwambia mzee, hili ni mali. Akatikisa kichwa. Akanieleza kitu ambacho sikuwahi kukiwaza: kaunta za deki hazifanani. Namba 112 kwenye deki hii siyo 112 kwenye deki nyingine, kila kampuni inahesabu kivyake. Kwa hiyo daftari lilikuwa linafanya kazi kwenye deki za yule bosi tu. Siku alipofukuzwa, kwa kosa la kuchelewa baada ya msiba wa mama yake, aliondoka na daftari lake la kurasa 200 na halikuwa na kazi tena. Alikokwenda alianza kuandika upya kutoka 000.

Mwanamuziki wa bendi walau aliondoka na vidole. Huyu hata akili yake aliyoiandika kwa mkono ilibaki imefungwa kwenye mashine ya mtu.

Kazi zenyewe zilikuwa za aina nyingi. Sikukuu za Idi, Pasaka na Krismasi mchana ni disko toto, watoto wamevalishwa miwani ya plastiki, usiku ni wakubwa. Nje ya mji kulikuwa na disko vumbi, na jina linajieleza. Mwenye vyombo anapakia kwenye lori spika, jenereta na DJ, wanaifuata hela ilipo. Msimu wa korosho wako Lindi na Mtwara. Pamba ikiuzwa wako Shinyanga. Uwanja unazungushiwa maturubai, watu wanalipa mlangoni, vumbi linapanda mpaka mwezi hauonekani. Vumbi na kichwa cha deki haviendani, kwa hiyo DJ anatembea na pamba na spiriti kama nesi. Akilala, analala juu ya maboksi ya spika, kazi mbili kwa wakati mmoja, kulala na kulinda. Mlinzi analipwa? Halipwi, si ni DJ tu.

Miaka ya mwanzo ya 1990 kulikuwa na mambo mengi kwa mpigo, nayapita haraka. Vijana wa rap walikuwa wanategemea DJ mwenye sahani kubwa za nchi 12, kwa sababu upande wa pili mara nyingi kulikuwa na biti tupu bila sauti. Bila DJ hakuna biti. Sheria ya utangazaji ya 1993 ikaruhusu redio na televisheni binafsi, na kuanzia 1994 zikaanza kusikika. Hapo kwa mara ya kwanza baadhi ya maDJ wakapata majina, maana mtangazaji lazima ajitambulishe. Ila hao walikuwa wachache wa redioni. Wa ukumbini aliendelea kuwa jamaa wa disko la fulani. CD nazo zikaja. Pioneer walitoa CDJ-500 mwaka 1994 na CDJ-1000 mwaka 2001, lakini bei yake uswahilini ilikuwa ni hadithi ya kusikia. Huku kwetu ilikuwa deki mbili za DVD na miksa ndogo, basi.

Kabla ya laptopu lazima niwape heshima watu wa mchiriku, ingawa wao si maDJ kwa maana ya kawaida. Hawa ndio walioonesha kwamba huhitaji vyombo vya bosi. Kinanda kidogo cha Casio, ngoma, amplifaya iliyoungwaungwa na spika za honi, zile unazoziona misikitini na kwenye magari ya matangazo. Sauti inakwaruza, ndiyo, lakini inafika mtaa wa tatu, na kila kifaa pale ni cha mtu wa kikundi. Watu wa mjini kati waliwacheka. Waliocheka wengi wao leo hawajulikani, na mchiriku ndio uliotandika mkeka ambao singeli imekuja kukalia.

Haya, laptopu. Programu ya Virtual DJ ilitoka 2003. Hapa kwetu ilisambaa kwa flashi, matoleo yaliyovunjwa, sitawadanganya hapa kwamba watu walinunua. Ghafla dogo wa Tandale mwenye laptopu ya mkono wa tatu, kioo kina ufa, betri imekufa, ana mashine mbili, miksa na maktaba ya nyimbo elfu kadhaa, vyote ndani ya begi la shule. Daftari la kaunta halihitajiki. Mabaharia hawahitajiki. Na siku akifukuzwa, anafunga laptopu yake anaondoka na kila kitu. Kwa mara ya kwanza katika historia nzima niliyowaeleza, ufundi na mashine vilikuwa mikononi mwa mtu mmoja.

Sasa rudi kwenye ile asilimia 8. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, kwenye mashine ya sahani ukivuta kitelezi mpaka mwisho unafika mapigo 129.6. Hapo ndipo ukuta. Kwenye laptopu ukuta haupo, unavuta asilimia 50, unavuta 70, ukitaka 100. Ukitoka 120 kwenda 200 unahitaji karibu asilimia 67, na dogo wa uswahilini hakuna aliyemwambia kwamba hairuhusiwi. Wakachukua vipande vya taarabu, vya mchiriku, kipande kifupi tu cha kinanda, wakakizungusha bila kukoma, wakakikimbiza, MC akashika maiki akaanza kushusha mistari juu yake. Kwenye vigodoro vya Manzese, Tandale na Mburahati, sherehe za usiku kucha nje ya nyumba, hiyo ndiyo ikakua ikawa singeli. Wanaosema singeli ni kelele za vijana waliokosa kazi, wakae wafikirie hesabu hii. Ni mziki uliozaliwa siku ambayo chombo kilifika kwa mtu asiye na bosi.

Wakuu wa wilaya na polisi wakawa wanapiga marufuku vigodoro mara kwa mara, wengine kwa sababu za maana, maana vurugu na mambo ya aibu yalikuwepo, tusijifanye hatukuona. Lakini mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko unaoitwa Sounds of Sisso, kazi za studio ya uswahilini hapahapa Dar, na baada ya hapo vijana wakaanza kupanda ndege kwenda kupiga Ulaya. Mzigo wao ni begi la mgongoni. Linganisha na lori la korosho.

Na kuna kitu kidogo ambacho laptopu ilileta, watu hawakizungumzii: jingo. Ile sauti inayoingia katikati ya wimbo ikitaja jina la DJ. Wengi inawakera, na mimi inanikera pia ikizidi, kuna miksi ya dakika 40 jina limetajwa mara 60, bro tumeshasikia. Lakini nikiikumbuka ile picha ya spika naelewa. Boksi si lake, hawezi kulipaka rangi. Kwa hiyo jina alilipenyeza ndani ya sauti yenyewe, mahali ambapo mwenye spika hawezi kulifuta bila kuharibu wimbo.

Ningependa niishie hapo kwa furaha lakini hali ya sasa haijakaa hivyo. Laptopu haina spika. Ukumbi unahitaji sabufa, amplifaya, waya, jenereta ya akiba kwa sababu ya umeme wetu, na hivyo vyote vina mwenyewe. Mgao wa 2011 uliwafundisha wengi: TANESCO wakikata, laptopu inaendelea kuwaka kwa betri, nyimbo zinaenda kwenye kioo, na ukumbi kimya. DJ anaonekana anacheza karata peke yake.

Chukua harusi. Kamati inachangishana, inamlipa MC hela ya mziki na ushereheshaji kwa pamoja. MC anamtafuta mwenye vyombo. Mwenye vyombo anamwita DJ. Hela inashuka ngazi tatu, na kila ngazi mtu anaonja. Mshkaji wangu mmoja wa Tabata alipiga sendofu kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 7 usiku akapewa elfu 30 na sahani ya pilau. Kadi ya sherehe ilikuwa na jina la MC, jina la mpambaji, jina la mpiga picha. Twita moja ilipoungua, mwenye vyombo alimkata elfu 10. Baa ni hivyohivyo, unalipwa kwa usiku, usipokuja kwa kuumwa hulipwi, na Mei 2023 NEMC walipofungia baa na kumbi kibao kwa kelele, wenye kumbi walikwenda kujieleza ofisini na maDJ walikaa nyumbani bila hata simu ya kuambiwa kinachoendelea.

Nisiwaonee wenye vyombo. Nimeongea na wawili. Mmoja alinionesha stoo yake, spika zimepasuka, sabufa imemwagiwa bia, jenereta inakunywa petroli kuliko wageni wanavyokunywa soda. Mteja anakulipa kianzio halafu anapotea. Anasema DJ analeta mikono, yeye analeta mkopo. Ana hoja. Ila nilipomuuliza maDJ wake wanne wanaitwa nani majina yao ya ukweli, alijua mawili.

Kati ya wote niliozungumza nao, aliyejitoa kwenye huo mnyororo ni dada mmoja wa Kigamboni. Alianza kwa kichen pati, kwa sababu akina mama wakifundana hawataki mwanaume ukumbini, na DJ wa kike walikuwa wa kutafuta. Hela hakuila. Alicheza upatu na wenzake, zamu yake ilipofika akanunua spika mbili za mkono wa pili Kariakoo, mwaka uliofuata amplifaya, kisha kontrola ndogo ya Pioneer. Mpaka leo hana jenereta, anakodi. Anakataa kazi zinazopitia kwa MC, anataka aongee na mama mwenye shughuli mwenyewe, na bei yake haishuki. Kuna waume za watu wanamwita mjeuri. Kalenda yake ya Desemba ilikuwa imejaa Septemba.

Yule mzee wa Temeke nilimuuliza kwa nini hakuwahi kununua vyombo vyake. Alisema alijaribu mara mbili. Mara ya kwanza hela ilikwenda kwenye ada za watoto. Ya pili aliinunua deki kweli, nzuri, ya kanda, mwaka ambao kila mtu alikuwa anahamia CD. Ipo kabatini, imefunikwa kitambaa, na anasema bado inafanya kazi.

Kama nyumbani kwenu kuna mtu aliwahi kupiga disko, baba, mjomba, shangazi, jirani, muulize kama anaridhia jina lake liandikwe, kisha weka hapa chini: jina lake, alipiga wapi, na alikuwa anatumia mashine gani. Tiketi na matangazo ya zamani pia nayataka, hata kama yamechanika. Ninayo orodha ya disko 31 mpaka sasa, zote zina majina ya wenye vyombo. Safu ya pili, ya maDJ, ina majina 9.